Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuanza Kujifunza Usalama wa Kompyuta na Mitandao

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa darasa la jioni mjini Unguja, pamoja na jamaa wa Pemba ambao huyauliza kwa simu, aghalabu baada ya jambo kuharibika. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yasiyotokea kila siku. Pale jibu linapotegemea jibu jengine, namba ya swali imetajwa ili kuepuka kurudia.

## Misingi

1. Usalama wa kompyuta ni kitu gani hasa? Si kuweka programu ya kuzuia virusi tu?

Usalama wa kompyuta ni kulinda mambo matatu: usiri wa taarifa, uzima wake na upatikanaji wake. Usiri una maana kwamba asiyehusika hazisomi. Uzima una maana kwamba hakuna neno wala tarakimu iliyobadilishwa bila ya idhini. Na upatikanaji una maana kwamba mwenye haki nazo akizihitaji anazikuta. Usalama wa mtandao ni sehemu ya kazi hiyo hiyo, ila unatazama zaidi taarifa zinapokuwa njiani baina ya kifaa na kifaa.

Wanaoanza huyafikiria mawili ya mwanzo na kulisahau la tatu, ilhali sisi watu wa visiwani ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani baada ya nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, kukatika. Hakuna mdukuzi aliyehusika, lakini mfanyabiashara ambaye hesabu zake zote zilikuwa kwenye seva ya mbali, bila ya nakala hata moja dukani, alikuwa na tatizo la usalama sawa na aliyeibiwa.

2. Nianzie wapi?

Anza na namna mtandao unavyofanya kazi ukiwa mzima. Jibu hili huwavunja moyo wengi, kwani mwanafunzi huja siku ya kwanza akitaka aoneshwe programu za kudukua. Lakini asiyejua mawasiliano ya kawaida yanavyofanana hawezi kuyatambua yaliyotiwa hila, na atabaki kubonyeza vitufe vya programu iliyoandikwa na mtu mwengine bila ya kujua kinachotokea.

Zoezi la kwanza tunalotoa halihitaji programu yoyote. Unganisha simu au kompyuta kwenye Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukishaingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uvihesabu, kimoja kimoja, mpaka kila kimoja ukijue ni cha nani. Mwanafunzi mmoja alitarajia kukuta vinne akakuta kumi na kimoja. Kumbe mdogo wake alikuwa akiwauzia watoto wa mtaa nywila ya Wi-Fi kwa shilingi mia tano. Siku hiyo alijifunza kwamba kila kifaa kina anwani yake, kwamba anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu na hazifikiwi moja kwa moja kutoka nje, na kwamba ruta ndiye tarishi anayepokea barua zote za nyumba kwa anwani moja ya nje na kuzigawa kwa wenyewe.

Baada ya hapo jifunze DNS, ambayo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, kisha milango ya mawasiliano. Mlango hapa ni namba inayoonesha huduma gani inaitwa kwenye kompyuta: 443 ni wa tovuti zilizosimbwa (maandishi yamegeuzwa ili aliye njiani asiyasome), 80 ni wa tovuti zisizosimbwa, 22 ni wa kuendesha kompyuta kwa mbali kwa njia ya SSH, na 445 ni wa kushirikiana mafaili baina ya kompyuta za Windows. Huo wa mwisho utaukuta tena kwenye swali la 10. Halafu fungua Wireshark, programu ya bure inayoonesha pakiti, yaani vipande vya taarifa, zinazopita kwenye kompyuta yako mwenyewe, na utazame tovuti moja inavyofunguka, pakiti kwa pakiti. Ni kazi ya wiki kadhaa, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

3. Lazima nijue hesabu au kuandika programu?

Hapana kwa kuanza. Hesabu za darasa la saba zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Kuandika programu kutakusaidia baadaye, na Python ndiyo lugha nyepesi zaidi ya kuanzia. Amri za Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, zina faida ya haraka kuliko yote mawili.

4. Nahitaji kompyuta ya aina gani, na simu haitoshi?

Simu inatosha kwa kusoma, haitoshi kwa mazoezi. Kompyuta iliyotumika yenye RAM ya gigabaiti 8 inafaa, kwa sababu utahitaji kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya ile ya kweli kwa programu kama VirtualBox, ambayo haiuzwi. Faida ya kompyuta ya kubuni ni kwamba ukiiharibu unaifuta na kuanza upya, na ya kweli haijaguswa.

Tahadhari ni ya bando. Mfumo kama Kali Linux, aina ya Linux yenye zana za kazi hii, ni faili la gigabaiti kadhaa, na kulipakua kwa bando la siku ni kutupa pesa. Mmoja kati yenu alipakue pahala penye intaneti isiyopimwa, kisha mgawane kwa diski ya nje. Na kabla ya kulitumia, linganisheni alama ya SHA-256 ya faili (herufi zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, kama alama ya kidole) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti rasmi. Herufi zote 64 zikilingana, faili halijabadilika njiani. Hapo mtakuwa mmeshafanya zoezi la uzima wa taarifa lililotajwa kwenye swali la 1.

5. Kiingereza changu ni kidogo. Nitaweza?

Utaweza, lakini itakubidi uzowee istilahi za Kiingereza kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwenye vioo vya kompyuta. Tengeneza daftari lenye safu mbili, neno na maana yake kwa maneno yako mwenyewe. Kiswahili kimeshazalisha maneno mazuri kama mdukuzi, nywila, kivinjari na usimbaji. Pale ambapo neno halijazoeleka, eleza kitu chenyewe kinafanya nini. Mwanafunzi anayeweza kumweleza bibi yake DNS ni nini, bila ya kutumia neno hilo, ameielewa.

## Nywila na akaunti

6. Nywila nzuri ni ipi?

Ni ndefu, haitumiki pahala pengine popote, na imechaguliwa kwa bahati nasibu badala ya akili yako. Watu wengi hukubali sharti la kwanza, huvumilia la pili na kulipuuza la tatu.

Tuanze na namba ya siri ya tarakimu nne. Inawezekana kutungwa kwa njia 10,000 tu, na inalindwa na ukweli kwamba huduma hufunga baada ya majaribio machache. Lakini ukitumia mwaka wa kuzaliwa, mwizi hana haja ya njia 10,000: miaka yote kuanzia 1950 hadi 2010 ni 61, na anayekujua ataanza na ule ulio kwenye kitambulisho chako. Nywila ya herufi ndogo nane ina njia bilioni 208 na ushei, idadi inayoonekana kubwa mpaka ujue kwamba tovuti iliyohifadhi nywila kwa njia dhaifu ikiibiwa, kompyuta yenye kadi nzuri ya picha inaweza kujaribu mabilioni kwa sekunde moja. Zinakwisha ndani ya dakika chache.

Njia tunayoipendekeza ni ya dadu. Mtu huwa na orodha ya maneno 7,776, hurusha dadu mara tano kupata neno moja, na hurudia mpaka apate maneno matano. Idadi ya njia zinazowezekana ina tarakimu 20. Maneno kama «chelewa embe ngazi tarumbeta nane» (usiyatumie haya) yanakaririka kwa siku mbili, na hakuna anayeweza kuyakisia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutumia mstari wa taarabu unaopendwa au methali nzima. Ni ndefu, kweli, lakini ikiwa kila mtu ukumbini anaweza kuuitikia mstari huo, haukuchaguliwa kwa bahati nasibu.

7. Ni vibaya kuandika nywila kwenye daftari?

Si vibaya kama wanavyosema. Mdukuzi aliye nchi ya mbali hawezi kufungua kabati lako. Daftari linalokaa nyumbani ni bora mara nyingi kuliko nywila moja inayotumika kwenye akaunti kumi, kwa sababu tovuti moja dhaifu ikivuja, majambazi huijaribu nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe na benki. Kilicho kibaya ni kuibandika kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi au kuitunza kwenye simu kama ujumbe uliojitumia mwenyewe. Mwenye akaunti nyingi atumie programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePass, akariri nywila moja ya kuifungulia na nyengine aiachie programu izitunge.

8. Nimeombwa na ndugu yangu nimtumie namba sita zilizoingia kwenye simu yangu. Nimtumie?

Usimtumie, hata kama ujumbe umetoka kwenye akaunti yake halisi. Namba hizo sita ni za kuisajili WhatsApp yako kwenye simu nyengine, na anayeziomba hajakosea, anaiteka akaunti.

Mchezo huu hupita kwenye vikundi vya familia kama moto wa makuti. Akaunti ya kwanza ikitekwa, mwizi huingia kwenye kikundi cha harusi au cha mchango, hutazama nani anamwita nani shangazi na nani kaka, kisha huandika kwa lahaja ile ile: «Shangazi, nimekosea nimeweka namba yako, hebu nirushie hizo namba zilizokuja.» Shangazi anatuma. Baada ya saa moja, akaunti ya shangazi ndiyo inayoomba watu wote wa familia mkopo wa shilingi laki mbili «mpaka jioni».

Kinga yake ni uthibitisho wa hatua mbili, ambao kwenye WhatsApp unapatikana chini ya mipangilio ya akaunti na kukutaka uweke namba ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe tu. Ukishaiweka, hata mwizi akipata namba za ujumbe hataweza kumaliza. Kwa barua pepe, tumia programu inayotoa namba mpya kila baada ya sekunde 30, kwani ni salama kuliko namba zinazokuja kwa ujumbe wa simu. Sababu iko kwenye swali la 9.

9. Laini yangu imekufa ghafla, na baada ya saa moja pesa zimetoka. Imekuwaje?

Inawezekana mtu amekwenda kuifufua laini yako kwa jina lako, kwa kitambulisho cha kughushi au kwa msaada wa wakala asiye mwaminifu. Laini mpya ikiwaka, ya kwako huzimika, na kila ujumbe wa uthibitisho humfuata mwizi. Kwa hiyo laini inayokata mtandao ghafla, pahala ambapo wenzako wa kampuni hiyo hiyo wana mtandao, ni jambo la kushughulikiwa saa hiyo hiyo: azima simu, pigia mtoa huduma, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe, kisha mengine yafuate. Mara moja moja piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, mwambie mtoa huduma aiondoe.

## Virusi, mafaili na kompyuta yenyewe

10. Nina Windows ya bure niliyowekewa na fundi, na nimezima masasisho kwa sababu yanakula bando. Kuna ubaya gani?

Kuna ubaya wa aina mbili, na la masasisho ni kubwa zaidi.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ile inayosikiliza kwenye mlango wa 445. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, takriban miezi miwili baadaye, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita kwenye tundu lile lile, ikasambaa kwenye zaidi ya nchi 150, ikasimba mafaili ya watu na kudai kikomboleo. Hospitali za Uingereza ni miongoni mwa walioumia. Waliosasisha hawakupitiwa na tundu hilo. Tarehe yenyewe ni ile ile ya kukatika kwa nyaya mwaka 2024, jambo lisilo na maana yoyote isipokuwa kwamba wanafunzi huikumbuka kwa sababu hiyo.

Ubaya wa pili ni wa programu iliyovunjwa kufuli. Aliyeivunja alipewa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta yako siku ilipowekwa, na huna njia ya kujua aliongeza nini. Ikiwa fedha za leseni hazipo, Linux Mint au Ubuntu ni za bure kwa halali. Kumbuka pia kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine nyingi zinazouzwa kwa bei poa zinahitaji kupandishwa toleo au kubadilishwa mfumo.

11. Mafaili kwenye flashi yangu yamegeuka kuwa shotikati. Nimepoteza kila kitu?

Kwa kawaida hujapoteza kitu. Usiifomati.

Hali yenyewe huwa hivi: mwanafunzi anakwenda kuchapisha utafiti wake kwenye steshenari pale Chake Chake, anachomeka flashi kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi za watu hamsini tangu asubuhi, anachapisha na kuondoka. Nyumbani anaona folda yake ya «Utafiti» ina mshale mdogo uliopinda pembeni, na ukubwa wake ni kilobaiti mbili. Folda ya kweli bado imo, ila virusi vimeipa sifa ya kufichwa na sifa ya faili la mfumo ili isionekane, kisha vimeweka kiungo cha uongo chenye jina lile lile. Ukikibofya, kwanza kinaendesha virusi, halafu kinakufungulia folda ya kweli, nawe huoni tofauti. Hapo ndipo kompyuta yako inapopata.

Usikibofye. Ichunguze flashi kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, kisha fungua dirisha la amri na uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda za kweli zitaonekana. Nakili nyaraka zako tu, uziache shotikati na mafaili usiyoyajua, ndipo uifomati. Safari nyengine, mtumie mwenye steshenari faili la PDF kwa barua pepe, au tenga flashi ya kuchapishia isiyo na kitu chengine.

12. Ninunue programu ya kuzuia virusi?

Kwa kompyuta ya nyumbani, ile inayokuja na Windows inatosha ikiwa inasasishwa. Pesa hizo nunua diski ya nje, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 13.

13. Mafaili yametekwa na nadaiwa fidia. Nilipe?

Ushauri wetu ni usilipe, kwa kuwa hakuna kinachomlazimisha mwizi atimize ahadi. Ichomoe kompyuta kwenye mtandao mara moja, ili isiambukize nyengine, na usiizime mpaka umepiga picha ya ujumbe uliotokea. Halafu rudisha mafaili kutoka kwenye nakala ya akiba.

Kama huna nakala, hapo ndipo tatizo lilipo, na lilikuwepo kabla ya mwizi. Kanuni inayotumika ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa pahala pengine. Kwa mwenye duka la Darajani, maana yake ni mafaili kwenye kompyuta, nakala kwenye diski inayochomekwa siku ya Ijumaa na kuchomolewa, na nakala nyengine kwa ndugu aliye Wete au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski iliyoachwa imechomekwa siku zote haihesabiwi, kwani itatekwa pamoja na kompyuta.

14. Programu huria si hatari, ikiwa kila mtu anaweza kusoma msimbo wake?

Chukua sanduku la njumu la bibi yako. Lina droo ya siri, na kila fundi wa masanduku, kila mjukuu na kila mwizi mzoefu anajua ilipo. Siri ya aina hiyo hudumu mpaka mtu wa kwanza aipekue. Kufuli nzuri ni kinyume chake: umbo lake linajulikana duniani kote, na kilicho siri ni ufunguo peke yake. Auguste Kerckhoffs aliliandika wazo hili mwaka 1883 akizungumzia usimbaji wa kijeshi, na usimbaji tunaoutumia leo umejengwa juu yake: kanuni zake zimechapishwa, wataalamu wamezishambulia kwa miaka, na zilizosalimika ndizo zinazoaminiwa. Uwazi hauondoi makosa yote, lakini huongeza wanaoweza kuyaona.

## Wi-Fi na tovuti

15. Wi-Fi ya hoteli au ya mkahawa ni salama? Na ile alama ya kufuli kwenye tovuti?

Ni salama zaidi kuliko ilivyokuwa miaka kumi na tano iliyopita, kwa sababu tovuti nyingi sasa hutumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa, na mwenye Wi-Fi huona unawasiliana na tovuti gani bila ya kuona unachoandika. Hatari iliyobaki ni mtandao wa kughushi wenye jina la mkahawa, unaokupeleka kwenye ukurasa wa uongo kukutaka nywila ya barua pepe «ili uunganishwe». Wi-Fi haihitaji nywila ya barua pepe yako. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha tovuti (uthibitisho wa jina lake), rudi, usibonyeze kuendelea.

Kufuli ina maana moja tu: mawasiliano baina yako na tovuti hiyo yamesimbwa. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Vyeti vinatolewa bure, na tapeli naye huvichukua. Soma jina la tovuti kutoka kulia kwenda kushoto: sehemu iliyo mwisho kabisa, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, ndiyo inayokuonesha mwenyewe, hata kama jina la benki yako limeandikwa mwanzoni.

16. Niitengeneze vipi ruta ya nyumbani au ya nyumba ya wageni?

Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo ni tafauti na nywila ya Wi-Fi, na ambayo mara nyingi imebaki «admin» tangu kiwandani. Kwenye aina ya usimbaji wa Wi-Fi, chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, iliyovunjwa tangu 2001, ruta hiyo ni ya kutupwa. Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi. Mwenye nyumba ya wageni atenge mtandao wa wageni na mtandao wa kompyuta ya mapokezi, kwani mgeni hana haja ya kuiona mashine yenye nakala za pasipoti za wenzake.

17. VPN inanifanya nisionekane?

Hapana. VPN hupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwengine kwanza, na inahamisha imani tu: alichokuwa akikiona mtoa huduma wako wa intaneti, sasa anakiona mwenye VPN, na za bure hujilipa kwa njia usizozijua. Ina kazi yake ya halali kwa anayeingia kwenye mtandao wa ofisi akiwa mbali. Aidha, mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wasajili matumizi yao, hivyo ni vyema uulize kabla ya kuitumia kazini.

## Mazoezi, sheria na mambo ya pembeni

18. Naweza kujaribu Nmap (programu ya kukagua vifaa na milango iliyo wazi) kwenye mtandao wa skuli au ofisi yetu, kujifunza tu?

Si bila ya ruhusa ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ya idhini. Nia ya kujifunza haigeuki kuwa idhini.

Hata pasipokuwa na sheria, kuna adabu ya kazi. Nilipokuwa naanza, nilikagua mtandao wa ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi, saa ya chakula cha mchana, kwa programu ndogo niliyoiandika mwenyewe iliyotuma maneno kwenye kila mlango iliyoukuta wazi. Baada ya dakika tatu printa ya masjala ilianza kutema karatasi, moja baada ya nyengine, kila moja ikiwa na mstari mmoja wa herufi zisizosomeka. Kumbe printa nyingi husikiliza kwenye mlango wa 9100, na chochote kinachofika hapo hukichapa. Waliotengeneza Nmap walilijua jambo hilo, ndiyo maana programu yao huuruka mlango huo inapouliza matoleo ya huduma. Mimi sikulijua, na nililipa rimu ya karatasi.

19. Basi nifanye mazoezi wapi?

Kwenye kompyuta zako za kubuni (swali la 4), na kwenye tovuti zilizowekwa kwa ajili hiyo. Seva ya scanme.nmap.org imewekwa na wenye Nmap ili watu wajaribu ukaguzi wa wastani. OverTheWire ina mchezo unaoitwa Bandit unaofundisha amri za Linux hatua kwa hatua, na unafaa sana kwa bando dogo kwa kuwa ni maandishi matupu. picoCTF, mashindano ya mafumbo ya usalama ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ni ya wanafunzi wa sekondari, ingawa watu wazima hutoka jasho. Anayetaka njia rasmi ya masomo ya kompyuta anaweza kuuliza Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu, au Taasisi ya Karume, Mbweni. Vyeti vya kimataifa viache mpaka umalize mambo ya swali la 2.

20. Nimeshatapeliwa. Nianze na nini?

Anza na pesa: pigia mtoa huduma au benki uombe muamala uzuiliwe, kwa sababu kila dakika ina thamani. Pili, badilisha nywila ya barua pepe ukitumia kifaa chengine, kwa kuwa anayeishika barua pepe hurudisha akaunti nyengine zote kupitia humo. Tatu, tunza ushahidi. Usifute ujumbe kwa hasira wala kwa aibu. Nne, peleka taarifa ya namba ya tapeli kwa 15040, namba iliyowekwa na TCRA, na ukaripoti polisi. Waambie na jamaa zako, kwani tapeli akishalipata jina lako atalitumia kwao.

21. Fundi wa simu ananiomba namba ya kufungulia. Nimpe?

Kwa kubadilisha kioo au betri, kwa kawaida hana haja nayo isipokuwa kujaribu mwisho wa kazi, na hapo ifungue mwenyewe mbele yake. Ikibidi simu ilale dukani, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na toka kwenye akaunti za pesa.

22. Mzazi wetu amefariki na simu yake imefungwa. Tunaweza kuifungua?

Simu za kisasa husimba kila kilichomo, na ufunguo unategemea namba ya siri. Kukisia mara nyingi kunaweza kuifunga kabisa au kuifuta. Fundi anayeahidi kuifungua mara nyingi huirudisha ikiwa tupu, na picha ndizo mlizokuwa mnazitaka. Iacheni kama ilivyo, na msiache laini yake ikafungwa kwa kutotumika kabla hamjamaliza mambo, kwani namba za uthibitisho zitaingia humo.

Pesa zilizomo kwenye akaunti ya simu ni mirathi kama nyumba au mikarafuu. Kuzitoa kwa namba ya siri mliyoijua huzua ugomvi wa warithi hata pale nia ilipokuwa njema. Zifuateni kwa mtoa huduma mkiwa na cheti cha kifo na hati za usimamizi wa mirathi, jambo ambalo kwa Waislamu wa Zanzibar Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaweza kuwaelekeza.

Kwa walio hai, Google ina sehemu ya kuteua mtu atakayepewa data za akaunti ikikaa bila ya kutumika kwa muda unaouchagua, na Apple ina mpango kama huo wa kumteua mrithi. Wazee wasiopenda mambo hayo huandika nywila ya barua pepe na namba ya kufungulia simu, huitia karatasi kwenye bahasha, na huiweka pamoja na hati ya kiwanja.